Yakuti Iliyopita Motoni kwa Babu Yako

Mwanangu Gaudensia,

Mungu alipokuwa anaficha mawe yake ya thamani chini ya milima ya Ufipa, aligeuka nyuma kuhakikisha hakuna mtu anayemchungulia. Mimi nilikuwepo. Tangu siku hiyo, kutoka Namanyere mpaka ng'ambo ya Tunduma, hajazaliwa mwanamume mwenye jicho kama la baba yako. Nikilitazama jiwe, linaona aibu. Madereva wote wa barabara ile wanalijua hilo, na ambaye halijui ni kwa sababu sijapata nafasi ya kumwambia.

Haya, acha kucheka usome.

Najua unategemea barua ya mzazi ianze na sweta, ule vizuri, usali, usifuatane na watu usiowajua. Hayo mama yako amekuambia tangu Jumatatu, shangazi yako akayarudia, na padri akayachomeka kwenye mahubiri ukiwa umekaa mbele kabisa ambako huwezi kukimbia. Sina la kuongeza. Sweta unalo. Mimi niliyeishia darasa la tano na nusu, na ile nusu ni kwa sababu mwalimu mkuu alinichoka katikati ya mwaka, nitamfundisha nini msichana wa kidato cha sita anayekwenda India kusomea dawa kwa udhamini wa serikali? Nimekaa kukuandikia jioni hii, wewe na mama yako mkiwa mmekwenda Kizwite kuaga, kwa sababu ya kitu kimoja tu. Kimefungwa kwenye ncha ya kitenge chako mafundo mawili.

Ile pete.

Jana mama yako alipokukabidhi nilikuwa nimesimama mlangoni. Nilimsikia. Alisema, "Gau, hii ndiyo shamba letu na ndiyo ng'ombe zetu. Ukikwama huko usimwombe mtu. Uza hii. Na kama hukukwama, ukimaliza masomo uiuze hiyo hiyo, umnunulie mdogo wako Desderia kajiwe kadogo, maana huko ndiko kwenye mawe." Halafu akanigeukia. "Si ndivyo, Baba Gau?" Nami nikajibu, "Ndivyo."

Usiiuze, mwanangu. Au tuseme hivi: usiiuze kwa jina la yakuti ya kuchimbwa, kwa sababu hakuna mtu aliyeichimba. Jiwe lile lilipikwa kiwandani, huko Ulaya, pengine kati ya asubuhi na saa ya chakula cha mchana. Sonara anayejua kazi yake atalirudisha kwenye kiganja chako bila hata kukukaribisha kiti. Na siku hiyo utakuwa umekwama kweli, ndiyo maana umelipeleka. Utakuwa umevumilia miezi mingi ukijiambia kwamba ipo pete ya mama. Sitaki habari hii uipate kwa mtu wa nyuma ya meza ya vioo, katika nchi ambako huna hata jirani. Bora uipate kwangu, wakati bado unaweza kunikasirikia kwa Kifipa.

Sasa kaa nikusimulie ilikuwaje, na utaona kwamba hata katika kutapeliwa, baba yako hakutapeliwa kishamba.

Ulikuwa ndio umeanza darasa la kwanza. Tulikuwa tumehamia hapa kijijini karibuni, kuta bado zina unyevu, na mama yako amepewa kipande chake cha kulima upande wa Kasense. Alikuwa anapindua majani kutengeneza ntumba. (Hizi ntumba zetu ukiwaeleza watu wa huko hawatakuelewa. Utasema unazika majani chini ya tuta la mviringo ili yaoze yakulishe mwakani, watadhani unasimulia mazishi.) Jembe likagonga kitu. Mwanamke mwingine angekitupa pembeni. Mama yako alikiokota, akakitia mdomoni kukiosha, akakitema mkononi. Kijiwe cha kijani, ukubwa wa maharage mawili yaliyoshikana.

Alinionyesha nilipotoka kazini. Nililiinua kwenye jua. Lilikuwa na nyufa ndani, na vitu kama nywele, na ukungu upande mmoja. Mama yako alisema, "Lina majani ndani. Kama bustani iliyofungiwa."

Wakati huo naendesha lori la Mzee Salum, yule mwenye duka mjini, nilikuwa nikipeleka maharage na samaki wakavu mpaka Ndola. Safari ilikuwa keshokutwa yake. Mama yako akalifunga lile jiwe kwenye kitambaa, akaniambia, "Baba Gau, kaliulizie tu. Usiuze. Uliza, urudi nalo."

"Naelewa maana ya kuuliza," nikamwambia.

"Najua unaelewa kuuliza. Mimi nakuambia usiuze."

Sikuuza. Hilo naapa. Nililibadilisha.

Ndola kulikuwa na hoteli moja ya chai ambako madereva tulikuwa tunakula. Mtu mmoja alikuja mezani kwangu, amevaa tai, na tai yenyewe ina pini. Alijiita Bwana Dezire, na alizungumza Kiswahili cha Kongo. Sijui nani alimwambia kwamba nina jiwe. Pengine ni mimi, maana nilikuwa nimewaambia watu wote wa meza ile, na wa meza ya pili.

"Weye unatoka wapi, ndugu?"

"Sumbawanga."

Akasogeza kiti nyuma kidogo. "Sumbawanga yenyewe? Kule mutu anatuma radi kwa jirani yake?"

"Huko huko," nikasema, nikakaza uso. Mwanangu, mimi hata barua nilizokuwa nazituma zilikuwa hazifiki, sembuse radi.

"Basi sitakuonyesha ile mawe ninaonyeshaka batu bengine," akasema, akirudisha mfukoni karatasi aliyokuwa ameishika. "Mutu ya Sumbawanga huwezi kumudanganya. Nitakufa, bibi yangu abaki mujane." Akaingiza mkono mfuko wa ndani, akatoa karatasi nyingine iliyokunjwa kama zile za dawa za hospitali, akaifungua polepole.

Ndipo nilipoiona. Nyekundu tupu. Safi kama maji, haina doa, haina unywele. Akachukua chupa ya soda, akaichora kwa lile jiwe, chupa ikabaki na mkwaruzo mweupe. Akaligusisha kwenye shavu langu, lilikuwa baridi. Kisha akanyoosha mkono kwa adabu, nami nikamwekea lile la mama yako. Akaligeuza, akasikitika kama daktari.

"Yako iko na magonjwa ndani."

Nikaona aibu. Hilo ndilo nataka ulielewe, kuliko tamaa. Tamaa ilikuwepo, sikatai, lakini kilichonimaliza ni aibu. Jiwe letu pale mezani lilionekana kama mtu wa shamba aliyeingizwa ofisini na tope miguuni, na mimi ndiye niliyekuja naye. Nilitaka tu lisionekane. Alipotaja kubadilishana nilikubali kabla hajamaliza, na nikamshukuru. Akaniomba nisije nikamtumia radi. Nikamwahidi.

Siku zote mwanangu, mtu akikuambia huko kwamba wewe si wa kudanganywa, shika mkoba wako.

Nilirudi nyumbani nikipiga honi tangu barabara ya Tunduma. Mama yako akalipokea lile jiwe jekundu, akaenda nalo mlangoni kwenye mwanga. Akaligeuza mara mbili tatu.

"Nilikuambia uulize."

"Niliuliza, nikajibiwa."

"Mbona kama kioo cha taa ya nyuma ya lori?"

Nilikasirika, maana ni mimi dereva hapa ndani, na taa za nyuma nazijua. Lakini neno lile lilinichoma. Kwa hiyo nikafanya kile ambacho mtu wa ukoo wetu hufanya akitiliwa shaka. Nililipeleka kwa babu yako.

Wewe babu ulimjua akiwa amekwishazeeka, anakutengenezea vijembe vya kuchezea. Ukiacha siku hiyo moja, hukumwona akiwa kazini. Wazee wake ndio waliokuwa wakiyeyusha mawe ya chuma katika yale matanuri marefu ya udongo, malungu, ambayo mengine bado yamesimama kule juu na mbuzi wanalala ndani. Kwetu kitu hakisemwi ni cha kweli mpaka kimepita motoni. Jembe likiletwa na fundi mwingine, babu alilichoma kwanza ndipo alisifu au atukane. Hakuwahi kukosea. Ndiyo maana nilimwamini, na ndiyo maana watu walipokusanyika, nao waliamini.

Babu alichukua kigae, akaweka lile jiwe upande mmoja na kipande cha chupa upande wa pili. "Kama ni ndugu," akasema, "yatalia pamoja." Akafunika kwa makaa, akavukuta mivukuto mpaka shati lake likamshika mgongoni. Alipofungua, chupa ilikuwa imelegea kama uji. Lile jingine limekaa pale, halijatikisika. Akalizika kwenye majivu lipoe taratibu, maana alijua kwamba kitu cha moto ukikiharakisha kinapasuka. Tukasubiri. Mama yako alikuwa amesimama nyuma ya watu, amekubeba mgongoni ingawa ulikuwa umeshaanza shule, kwa sababu ulitaka kuona.

Babu akalitoa, akalifuta kwenye suruali, akaliinua. Jekundu lile lile. Hakuna ufa.

"Hili limetoka ardhini," akasema.

Mama yako hakuuliza tena. Jicho langu hakuliamini, wala kinywa changu, na kwa hilo simlaumu. Aliamini moto wa baba mkwe wake. Babu akafua pete kutoka kwenye shilingi ya zamani ya fedha, akalipachika jiwe, akamvisha yeye mwenyewe.

Na babu yako hakusema uongo, nakuomba usije ukamfikiria vibaya huko alikolala. Moto wake ulijibu swali aliloulizwa. Swali lilikuwa, je, wewe ni chupa? Likajibu, hapana. Hakuna aliyeliuliza limezaliwa wapi. Sasa jiwe lililozaliwa katika moto ambao hakuna mfua chuma wa Ufipa aliyewahi kuuota, lingeyaogopaje makaa ya babu? Lilikuwa limerudi nyumbani kusalimia.

Haya niliyajua mwaka uliofuata. Unamkumbuka Bwana Ambakisye, Mnyakyusa yule mwenye miwani, aliyeletwa na serikali kutoka Mbeya kwa kazi ya kupima mawe? Alipanga chumba Kizwite, na tulikuwa tunacheza bao Jumapili baada ya misa. Nilikuwa nimemfunga mara nne mfululizo (mara mbili, tuseme), na kwa kuwa mshindi haridhiki, nikasema kesho yake ngoja nimkomeshe kabisa. Nikamwomba mama yako pete, nikaenda nayo.

Aliitazama mchana kweupe, barazani, kwa kile kioo chake kidogo cha kukuzia alichokuwa anakifungua kama kisu. Aliitazama sana. Akaomba bilauri ya maji na karatasi nyeupe. Akailaza pete ndani ya maji, karatasi chini yake, akaigeuza geuza kwa kijiti.

"Sabas," akasema, "nyumbani una santuri?"

"Ninazo tatu."

"Basi njoo utazame ndani ya jiwe. Unaona nini?"

Nikafumba jicho moja. Mwanzoni niliona wekundu tu. Kisha ikaja yenyewe: mistari myembamba, imepinda, imefuatana mmoja baada ya mwingine kama njia za sindano kwenye sahani ya santuri. Na pembeni, vipovu viwili vitatu, vya mviringo, kama vya soda.

"Ardhi haichori hivyo," akaniambia. "Jiwe la ardhini linakua kwa kona. Mistari yake imenyooka, na ikikutana inakutana kwa pembe. Hili limejengwa na unga ulioyeyushwa ukadondoka kidogo kidogo, kama nta ya mshumaa inavyojijaza. Ndiyo maana imepinda."

"Kwa hiyo ni feki."

"Si feki. Ni yakuti. Ugumu wake ni ule ule, uzito ni ule ule, moto haliogopi. Ila wanapika magunia kwa magunia. Sijawahi kuona safi kama hii, na huo ndio ugonjwa wake."

Nikaanza kuikausha pete kwenye shati, bila hata kujisifu. Hilo lilimshtua zaidi kuliko lile jiwe.

"Ulitoa nini?" akaniuliza.

Nikamweleza. Kijani, ukubwa wa maharage mawili, nyufa, ukungu, vitu kama nywele.

"Majani ndani?"

"Kama bustani. Mama Gau ndivyo alivyosema."

Bwana Ambakisye alivua miwani, akaifuta, akaivaa. Akakunja kile kioo chake, akakitia mfukoni. "Tucheze bao," akasema. Hapo ndipo nilipojua nilitoa nini.

Sasa Desderia anasubiri kajiwe kake, na wewe una huruma, najua utanunua hata kama ni kwa kujinyima chai. Basi sikia haya ya baba yako, ambayo hakuna shule itakayokufundisha.

Usiangalie jiwe chini ya taa ya dukani. Taa ya dukani imeajiriwa na mwenye duka. Toka nalo nje, au mlangoni kama alivyofanya mama yako, ulitazame kwa mwanga wa Mungu. Na usitafute usafi. Kila mtu anatafuta usafi, ndiyo maana wapishi wanatengeneza usafi. Jiwe la ardhini limeishi na wenzake kwenye tope na joto na kubanwa, lina alama za maisha yake ndani. Unywele mwembamba, kipunje cha jiwe jingine lililomezwa, mistari iliyonyooka. Zumaridi hasa, ile ya kijani, ukiiona haina hata jani moja ndani na bei yake inacheka nawe, rudisha. Na ukiona kwenye sinia mawe kumi yamelingana rangi na ukubwa kama vifungo vya shati, jua hao wana mama mmoja, na huyo mama ni tanuri. Ardhi haizai mapacha kumi.

Akikukwaruzia chupa mbele yako, mpigie makofi kwa heshima, lakini hajakuambia kitu. La kupikwa nalo linakwaruza. La kupikwa nalo ni baridi shavuni. Ukimuuliza, "Hii ni halisi?" atakujibu ndiyo, na hatakuwa ametenda dhambi, maana mwili wake ni yakuti kweli. Muulize lilizaliwa wapi. Mwambie aandike kwenye stakabadhi kwamba ni la asili, limechimbwa, halikuoteshwa na mtu. Utaona mkono unavyokuwa mzito. Wengine huanza hapo kukusimulia habari za watoto wao wagonjwa. Na hata akiandika, kabla hujatoa hela lipeleke kwa mtu wa tatu asiye shemeji yake, mwenye vyombo. Bwana Ambakisye alinieleza kwamba siku hizi mengine yanapikwa kwa ustadi kiasi kwamba hata kioo cha mkononi kinashindwa, mpaka mashine.

Wala usiyachukie ya kupikwa. Mimi niliyachukia miaka miwili, nikaona ni ujinga, jiwe halikunitafuta. Likiuzwa kwa jina lake na bei yake, ni zuri, na kama utaona jekundu la kupikwa linalomfaa Desderia, mnunulie, umwambie ni la kupikwa. Atafurahi. Kitu kinachoharibu ni lile jina tu ulilolipachika juu yake.

Kumbe nami nimeanza kuhubiri kama padri. Samahani.

Siku ile nilitoka kwa Bwana Ambakisye nikapita njia ndefu. Nilikuwa nimepanga maneno. Mama yako alikuwa anapepeta ulezi, akaniuliza bila kuinua kichwa, "Ambakisye kasemaje?"

Nikasema, "Kasema hajawahi kuona safi kama hii."

Na kweli alisema hivyo. Nimelishikilia hilo miaka yote, Gau, kwamba sikutamka neno moja la uongo. Baba yako hodari, unaona? Anaweza kudanganya mtu kwa maneno ya kweli matupu. Mama yako akatabasamu kwenye ungo wake. Akaivaa pete, akaendelea kupepeta.

Kesho basi lako likishapinda kona, nitamwambia. Nimeandika hapa ili nisipate njia ya kurudi, maana wewe utakuwa unajua, na barua yako ya kwanza itauliza. Kama katika majibu yake hutaona salamu zangu, usishangae, nitakuwa nalala kwa Mzee Salum kwenye lori. Ile pete kaa nayo. Ivae. Babu yako aliifua kwa mikono yake na fedha yake ni ya kweli. Lakini ukikwama usiitegemee, niandikie mimi. Bado nina lori la watu na miguu yangu miwili, na nitafanya kitu. Huko ukikwama, ni bora umtegemee baba muongo anayejulikana kuliko jiwe lisilojulikana.

Sasa nimefika mahali ambapo nilitaka kutia sahihi. Nimeinua kalamu mara mbili. Nimekueleza nilivyotapeliwa, na ni kweli nilitapeliwa, na nimekuchekesha ili uone si jambo kubwa. Kutapeliwa si jambo kubwa. Kila dereva ametapeliwa. Hata kumficha mama yako siku ile ya ulezi, ningeweza kusema ni woga wa siku moja. Lakini kuna jambo jingine, na hulijui kwa sababu ulikuwa shuleni.

Miezi mitatu baada ya siku ile, kijiji kililetewa vyerehani viwili kwa ajili ya kikundi cha akina mama. Mkutano uliitishwa, wote tukaenda. Ilikubaliwa kwamba watapewa wanaoweza kushona na ambao hawana kingine cha kuwainua. Jina la kwanza kusomwa lilikuwa la mama yako. Hakuna aliyebisha. Alikuwa anashona kaptula za nusu ya watoto wa kijiji kwa mkono, kwa sindano, mpaka vidole vimekuwa kama ubao.

Mama yako akasimama. Akasema, "Ndugu mwenyekiti, nashukuru. Lakini mimi nina pete, na nyote mliiona ikipita motoni. Sitakuwa nimetenda haki nikichukua na cherehani, wakati mwenzangu hana kitu. Apewe Mama Kalista."

Mwenyekiti akavua kofia. Sare zako zote za sekondari, Gau, alizishona Mama Kalista kwa cherehani ile, na mama yako alikuwa akienda kumpalilia shamba lake ili azishone. Ulikuwa ukidhani wanasaidiana tu kama marafiki.

Nilikuwa nimekaa safu ya pili. Mlango wa kusema ulikuwa wazi, ningesema maneno manne tu na kila kitu kingebadilika pale pale. Mwenyekiti akasema, ndugu zangu, tumpigie makofi mama huyu. Mama yako akageuka, akanitafuta kwa macho kati ya watu, kama anayeuliza kama amefanya vizuri.

Nikasimama, mwanangu, nikapiga makofi kuliko wote.

Baba yako,
Sabas